Mwalimu Anaogopa, Mashine ya Kariakoo Haiogopi

Januari Kariakoo ni mwezi wa orodha. Mama ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne: kaunta buku kwaya tatu, sweta, viatu vyeusi, rimu ya karatasi, fagio la chelewa. Mwaka huu niliingia kwenye steshenari moja nyuma ya Mtaa wa Msimbazi kutoa kopi ya kitambulisho, nikasimama nyuma ya kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa bado amevaa sare. "Kaka, nataka kile kitabu cha fasihi." Muuzaji hakuuliza kipi. Alifungua faili kwenye kompyuta, akabonyeza, na kitabu kikaanza kutoka. Kilikuwa kimepigwa picha kwa simu ukurasa baada ya ukurasa, na kila baada ya kurasa chache kidole gumba cha mpigaji kilionekana pembeni kikibana karatasi isijifunge. Kurasa 118, mbili kwa kila karatasi, karatasi 59 kwa shilingi 100 kila moja. Kubaindi 1,500. Jumla shilingi 7,400. Nilikijua kitabu kile. Duka la vitabu lililo mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka pale lilikuwa linakiuza 7,000, kikiwa na jalada lake, picha zake na maandishi yanayosomeka.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na walimu wa sekondari katika semina ya siku moja. Mwalimu wa jiografia akanyoosha mkono. Alikuwa na kipande cha habari cha dakika nne alichokipakua, kinachoonyesha mafuriko ya bonde la Mto Msimbazi, na alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake kwa projekta. Mkuu wake wa shule akamkataza: hiyo ni mali ya televisheni, tutashtakiwa. Akarudi kuchora mto ubaoni kwa chaki.

Matukio hayo mawili nayaweka pamoja kwa sababu ndiyo hali yetu nzima. Anayeruhusiwa na sheria anaogopa, na asiyeruhusiwa hana habari. Msimamo wangu ni huu: Tanzania haina upungufu wa haki ya kufundishia. Haki hiyo imo katika sheria tangu 1999. Tulichokosa ni mtu wa kuuchora mstari mahali mwalimu anapoweza kuuona, na gharama ya ukimya huo wanailipa watu wawili wasio na kosa, mtoto aliye darasani na mwandishi wa Kiswahili.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi wanaibishania bila kuifungua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, Sura ya 218, inampa mwandishi, mwanamuziki, mpiga picha na mtengeneza filamu haki pekee ya kunakili, kutafsiri, kusambaza na kuonyesha kazi yake hadharani. Haki hiyo inazaliwa kazi inapozaliwa. Hakuna kujiandikisha kwanza, hakuna muhuri. Inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini kifungu cha 12 kinafungua milango kadhaa ambayo mtu anaweza kupita bila kuomba ruhusa na bila kulipa. Anaweza kunakili kwa matumizi yake binafsi. Anaweza kunukuu, mradi ataje chanzo na jina. Na anaweza kuitumia kazi kama kielelezo katika kufundisha, kwa kiasi ambacho lengo la somo linakidai, mradi matumizi hayo yawe ya haki na chanzo kitajwe. Maneno hayo hayakutungwa Dodoma wala Dar es Salaam. Yanafuata ibara ya 10 ya Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994. Zanzibar ina sheria yake, Na. 14 ya 2003, na ofisi yake, COSOZA. Hapa nazungumzia Bara.

Soma tena maneno mawili: kielelezo, na kiasi. Nguvu yote ya kifungu iko hapo. Kielelezo ni kitu kinacholisaidia somo lieleweke. Mafuriko ya dakika nne katika mada ya mabonde ya mito ni kielelezo. Beti tatu zilizoandikwa ubaoni ili kufundisha vina na mizani ni kielelezo. Kipande cha wimbo wa taarabu katika kipindi cha fasihi simulizi, wanafunzi wakisikiliza kisha wakichambua, ni kielelezo. Kwa usomaji wangu mwalimu wa jiografia alikuwa ndani ya sheria kwa miguu yote miwili, na mkuu wake alimnyima kitu ambacho Bunge limempa. Riwaya nzima iliyotolewa kwa mashine kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho si kielelezo cha kitu chochote. Ni kitabu, kinauzwa, na aliyekiandika hapati hata senti.

Wakuu wa shule wana hoja moja ambayo nimeisikia mara nyingi: kitabu chenyewe kimeandikwa ukurasa wa ndani kwamba hairuhusiwi kunakili sehemu yoyote kwa namna yoyote bila idhini ya maandishi. Ni kweli kimeandikwa hivyo. Lakini tangazo la mchapishaji haliwezi kufuta kifungu cha sheria. Mchapishaji anaweza kukukumbusha haki zake, hawezi kukunyang'anya zako. Ninashangaa jinsi mstari huo mmoja, unaorudiwa kitabu hadi kitabu, ulivyofanikiwa kuwatisha walimu wetu kuliko sheria yenyewe ilivyokusudia.

Upande wa pili nao una imani zake. Ya kwanza, na iliyoenea kuliko zote, ni kwamba kitu kikiwa mtandaoni basi ni cha bure. Imani hii imekua sana tangu 2020. Shule zilipofungwa Machi 17 mwaka ule kwa sababu ya korona, walimu waliokuwa hawajawahi kutuma hata picha walijikuta wanaendesha darasa kwa grupu la WhatsApp, na vitabu vya PDF vikaanza kutembea kutoka grupu hadi grupu. Shule zilifunguliwa tena Juni 29, ila PDF hazikurudi nyumbani. Sikulaumu kabisa wakati ule. Leo hali ni nyingine, na kitabu kilichopigwa picha kwa simu kina mwenyewe vilevile kama kilivyokuwa kabatini. Kusomeka bure ni jambo moja, kunakilika bure ni jingine. Mfano mzuri ni Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, TET. Mwanafunzi yeyote mwenye simu anaweza kusoma humo vitabu vya kiada bila kulipa, na hilo ni jambo la kupongezwa. Haimaanishi kwamba mwenye steshenari anaweza kuvishusha, kuvichapa na kuvipanga kwenye meza ya nje.

Imani nyingine ni ya mwalimu mwema: mimi sitafuti faida, kwa hiyo naruhusiwa. Kutotafuta faida kunamsaidia mbele ya sheria, hakumalizi hesabu. Akinakili kitabu kizima kwa wanafunzi 120 wa mikondo mitatu na kuwagawia bure, mwandishi amepoteza wasomaji 120 bila kujali kama mwalimu alipata kitu au hakupata. Na kutaja jina la mtunzi, ambako wengi wanadhani kunatosha, ni sharti tu la kuingia mlangoni. Tena kuna watu wanaouliza asilimia: nimesikia ni asilimia kumi, nimesikia ni sekunde 30. Sheria yetu haina namba hizo. Zimetoka kwenye miongozo ya nchi nyingine, zikafika huku bila maelezo yake. Kipimo chetu ni lengo la somo, na kipimo hicho kinamtaka mwalimu afikiri. Shairi la beti nne huwezi kulifundisha kwa kunakili asilimia kumi yake.

Nirudi Kariakoo, maana hapo ndipo penye uzito, na hapo wachapishaji nao wanakosea. Wao wanasema tatizo ni wizi, dawa ni msako. Misako imefanyika, stika za Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, zimebandikwa kwenye kanda na CD, na bado kijana yule alilipa 7,400 kwa kitabu cha 7,000. Mtu hatoi shilingi 400 za ziada ili aibe. Aliingia steshenari kwa sababu hakujua kwamba nakala halisi ipo, wala inauzwa wapi, na steshenari iko njiani anapoteremka daladala. Huo si umaskini, ni usambazaji mbovu, na polisi hawezi kuutibu.

Na usambazaji huo una historia. Hadi 1991 vitabu vya shule vilikuwa kazi ya serikali na mashirika yake. Mwaka huo sera ikabadilika, wachapishaji binafsi wakafunguliwa mlango, na baadaye kikawepo chombo cha kuidhinisha vitabu, EMAC, kikipitisha vitabu kadhaa kwa somo moja ili shule zichague. Mwaka 2013, baada ya mbunge James Mbatia kuonyesha bungeni makosa yaliyojaa katika vitabu hivyo, EMAC ilivunjwa na uandishi wa vitabu vya kiada ukarudishwa TET: somo moja, kitabu kimoja. Sitaki kufufua mjadala ule. Nataka uone matokeo yake kwa hakimiliki. Mchapishaji binafsi aliyekuwa akiishi kwa hisabati na sayansi alibaki na mguu mmoja wa kusimamia, vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa kidato cha tatu hadi cha sita. Kopi ya Kariakoo inaupiga mguu huohuo. Ndiyo maana nasema kitendo kidogo cha kijana mmoja si kidogo. Riwaya mpya ya Kiswahili itakayoandikwa 2030 inategemea mwandishi kupata malipo ya ile iliyomo kwenye mtaala leo.

Kuna watu watanijibu kwa mfano wa India, na ni mfano unaostahili kujibiwa vizuri. Mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa, Oxford, Cambridge na Taylor & Francis, walikishtaki kiduka cha kutoa kopi kilichokuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi, Rameshwari Photocopy Service, pamoja na chuo chenyewe. Duka lilikuwa likitengeneza vile ambavyo wanafunzi wetu wa vyuo wanaviita desa: sura moja ya kitabu hiki, makala moja ya jarida lile, vyote vikabaindiwa pamoja kwa kufuata orodha ya mhadhiri. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwamba hilo ni matumizi ya kufundishia. Desemba mwaka uleule majaji wawili wa rufaa waliukubali msingi wa uamuzi huo na kukataa kuweka asilimia yoyote, wakisema kipimo ni lengo la mafundisho. Machi 2017 wachapishaji waliiondoa kesi. Mimi ninaifurahia hukumu ile, na ningependa mahakama zetu ziisome. Ila angalia kilichokuwa mezani: dondoo zilizochaguliwa na mwalimu, kwa wanafunzi wa kozi fulani. Mhadhiri wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anayewatengenezea wanafunzi wake desa la namna hiyo anasimama karibu sana na Rameshwari. Steshenari yenye faili la riwaya nzima nzima kwa mteja yeyote anayeingia iko mbali nayo.

Walimu wanaponiambia kwamba hakimiliki ni jambo la wachapishaji wakubwa, huwa nawapa kisa cha mwalimu mmoja wa kemia ninayemfahamu. Aliandika nukuu zake kwa miaka sita, akachora michoro yake kwa mkono, akawapa wanafunzi wake. Siku moja akiwa Mtaa wa Kongo akakuta pamfleti mezani. Jalada lina jina la mtu mwingine. Ndani ni maneno yake, na mchoro wa mtungi wa gesi wenye kosa lilelile alilokuwa amelifanya mwaka wa kwanza na kulisahihisha baadaye. Hakujua kama anaweza kufanya lolote, kwa kuwa hakuwahi kusajili popote. Anaweza. Kazi yake ililindwa tangu siku alipoiandika, na kosa lile la mchoro ni ushahidi mzuri kuliko cheti. Mwalimu wa Tanzania ni mtumiaji wa hakimiliki asubuhi na mmiliki wake jioni anapoandaa somo la kesho.

Basi tufanye nini? Jambo la kwanza halina gharama. COSOTA, TET na Wizara ya Elimu wakae chini waandike mwongozo wa kurasa mbili kwa Kiswahili, ubandikwe katika kila ofisi ya walimu. Useme kwa mifano: unaweza kuonyesha kipande cha habari darasani, unaweza kunakili shairi moja kutoka diwani kwa ajili ya kipindi, unaweza kusoma hadithi kwa sauti, huwezi kunakili riwaya nzima iliyopo sokoni, huwezi kuweka kitabu kizima kwenye grupu la wazazi. Kuhusu muziki wa mahafali, useme wazi kwamba ni burudani, si somo, na una taratibu zake za kibali. Mwalimu akiwa na karatasi hiyo mkononi, mkuu wa shule hawezi kumkataza kwa hofu, na mwenye shule binafsi hawezi kumlazimisha akanakili vitabu vizima ili kupunguza gharama.

La pili ni leseni ya pamoja. Kenya wana KOPIKEN, na hapa kwetu kuna KOPITAN, vyama vya kusimamia haki za kunakili kwa niaba ya waandishi na wachapishaji. Utaratibu wake ni rahisi kueleza: shule inalipa kiasi kidogo kwa mwaka, inanakili sehemu za vitabu kwa mipaka iliyokubaliwa, na fedha zinagawiwa kwa wenye haki. Tangu elimu bila ada ilipoanza 2016, ruzuku ya uendeshaji imehesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Hata shilingi 200 kwa kila mwanafunzi wa sekondari, zikikatwa serikali kuu bila kumsumbua mkuu wa shule, zingebadilisha maisha ya waandishi wetu. Na steshenari za Kariakoo ziingizwe humo humo. Zina mashine, zina wateja, ziko pale mtoto anapopita. Badala ya kuzifukuza, zipewe leseni ya kuchapa nakala halali kwa idhini ya mchapishaji na kulipa fungu lake kwa kila nakala. Kijana yule alikuwa tayari kutoa 7,400. Ndani ya fedha hizo nafasi ya mwandishi ilikuwepo, ila hakuna aliyeidai.

La tatu linaihusu serikali yenyewe. Kitabu cha kiada kilichoandikwa kwa kodi ya wananchi hakina sababu ya kubeba tangazo la "haki zote zimehifadhiwa". TET ingeweza kuvitoa vitabu vyake kwa leseni huria, kama African Storybook inavyofanya tangu 2014 kwa hadithi za watoto, zikiwemo za Kiswahili: nakili, tafsiri, badilisha, taja mtunzi. Hapo mwalimu angeweza kukata mchoro akauweka kwenye mtihani wake bila wasiwasi, na mzazi angeweza kuchapa sura moja mtaani kwake.

Lipo na la watoto wasioona. Katikati ya Dar es Salaam, hatua chache kutoka soko la Kariakoo, ipo Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, wanakosoma watoto wasioona pamoja na wenzao. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioanza kuifunga Tanzania Julai 8, 2020, unazitaka nchi ziruhusu kitabu kigeuzwe kuwa nukta nundu au sauti kwa ajili yao bila kusubiri idhini ya mwenye haki. Kwa watoto hawa hata kitabu kizima kinaruhusiwa, kwa sababu soko halikuwapa cha kununua. Ni walimu wachache niliokutana nao ambao wamewahi kuusikia mkataba huo.

Tena tuna utajiri ambao hatuutumii. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Kwa hesabu ya miaka 50, kazi alizozichapisha akiwa hai zimekuwa mali ya umma hapa nchini tangu kuanza kwa 2013. Mathias Mnyampala alifariki 1969, na zake zilifuata mwanzoni mwa 2020. Shule inaweza kuzichapa, kuzirekodi kwa sauti za wanafunzi, kuziigiza na kuziweka mtandaoni, mradi isinakili utangulizi na maelezo mapya ya mhariri aliye hai. Euphrase Kezilahabi alituacha Januari 2020, na riwaya yake, Rosa Mistika, inalindwa hadi mwisho wa 2070. Tofauti hiyo kila mwalimu wa Kiswahili angepaswa kuijua kama anavyojua ngeli.

Ombi langu nalielekeza COSOTA na TET kwa majina. Shule zinafunguliwa tena Januari, na steshenari za Msimbazi zitakuwa zimejaa kuanzia wiki ya kwanza. Mwongozo wa kurasa mbili unaweza kuandikwa kabla ya hapo.